Mume wangu kanogewa na Paje, mimi nataka kuondoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka sita. Kwetu ni Moshi. Mume wangu ni Mjerumani; anatengeneza programu za kompyuta kwa kampuni ya kwao na anaweza kufanya kazi popote palipo na intaneti. Baada ya ndoa tuliishi Ujerumani. Mwaka 2022 yeye mwenyewe ndiye aliyeleta wazo tuje tukae Paje, kusini mashariki mwa Unguja, mwaka mmoja tu, watoto waijue nchi ya mama yao. Nilifurahi. Mwaka ulipokwisha tukaongeza mwingine, na tangu hapo anayehesabu ni mimi peke yangu.

Nikiwaambia ndugu zangu kwamba nimechoka, wanacheka. Wanaona picha tunazotuma: mchanga mweupe, minazi, watoto wanakimbia peku. Dada yangu aliniuliza kama nataka tubadilishane, yeye aje pwani na mimi nikagombanie daladala za Dar saa kumi na mbili asubuhi. Nikanyamaza.

Shangazi, mume wangu si mtu mbaya. Si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, ada za shule analipa. Ila maisha yake yanaongozwa na upepo. Akiamka, kabla hajasalimia mtu, anatazama kwenye simu utavuma saa ngapi. Kusi ikishika, Juni mpaka Septemba, kila alasiri yuko majini na kaiti yake, ile tiara kubwa inayomvuta akiteleza juu ya maji. Kaskazi ikiingia Desemba, hivyo hivyo mpaka Februari. Masika ndiyo miezi ninayokuwa na mume. Nikimwuliza jambo la maana, jibu ni "tutaona". Kiswahili chake mpaka leo ni "poa", "polepole" na majina ya samaki.

Mimi nilisomea uhasibu na nilifanya kazi Dar es Salaam kabla ya kuolewa. Hapa sina kazi. Nina nyumba, fundi wa pampu ya maji, mbwa wawili ambao watoto waliwaokota ufukweni, na gari la kupeleka watoto shule.

Juzi nilikwenda kwenye hoteli moja kumchukua binti yangu kwenye sherehe ya rafiki yake. Mlinzi akanizuia getini: "Dada, unamfuata nani?" Mume wangu hupita hapo kila siku, miguu imejaa mchanga, hajaulizwa hata jina. Wapo waliodhani mimi ni yaya wa watoto wangu. Wapo waliodhani mengine ambayo sitayaandika.

Kwa majirani nako sipati nafasi. Mzungu akipita na kaptura wanasema hajui. Mimi nikipita na gauni lisilo na mikono, macho yote yananifuata. Wananisalimia vizuri sana, lakini muda wote huu hakuna mwanamke hata mmoja aliyeingia kwangu akanywa chai. Nikisema karibu, wananijibu "tushakaribia" wakiwa wamesimama palepale njiani. Nikiwageukia wazungu wenzake mume wangu, ni watu wema, ila mazungumzo yao ni kodi za nyumba, yoga, wafanyakazi wa ndani, na nani anaondoka lini.

Kuondoka ndiko kunakomuumiza binti yangu. Kila masika yakikaribia kuna familia inafungasha. Rafiki zake wa karibu wameondoka mmoja baada ya mwingine. Shule ilipofunguliwa mara ya mwisho alikuja msichana mpya wa rika lake, nikamwambia amwalike nyumbani. Akanijibu, "Huyu naye anaondoka lini, Mama?" Mdogo wake ni kinyume chake. Anashinda nje na watoto wa mtaani, anaongea kwa lafudhi yao, maneno mengine mimi siyajui, na anafahamu maji yatakupwa saa ngapi bila kumwuliza mtu.

Sasa yametokea mambo mawili kwa mpigo. Mwajiri wangu wa zamani Dar ananitaka nianze Januari, na jibu anataka mwisho wa mwezi huu. Wiki hiyohiyo mume wangu amepata kiwanja karibu na bahari, kinauzwa na familia moja, na anataka tuweke akiba yetu yote. Kijana aliyemletea habari anasema tulipe nusu kwanza, karatasi zitafuata. Mume wangu mwenyewe bado anakaa kwa viza ya utalii. Kila ikikaribia kwisha anaruka Nairobi, analala usiku mmoja au miwili, anarudi.

Je, nichukue watoto niende, nimwache na upepo wake? Au mimi ndiye nisiyejua kuridhika?

Mama wa Wawili, Paje

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Hao ndugu zako wanaocheka, waalike waje mwezi wa tano. Wakute hoteli nyingi zimefungwa, barabara ya ndani imekuwa dimbwi, nguo za watoto haziishi unyevu kwa siku tatu na mkate umeota ukungu. Pwani ya mtu aliyekuja kwa wiki moja na pwani ya mtu anayeamka akatafute maji ya kupikia ni pwani mbili tofauti. Kuridhika unakujua. Hilo liweke kando.

Katika barua yako yote, mimi nimesimama kwenye mbwa. Umewataja kati ya pampu na gari, ukapita zako. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo hapa mjini Unguja na nakwambia: kabla hujasema majirani hawakutaki, watazame hao mbwa. Watu wa hapo ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito. Nguo ikiguswa haisaliwi mpaka ioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Haya, jirani yako ametoka kwake na kanga safi, alasiri iko karibu, wewe unamwambia karibu ndani na nyuma yako wanaruka mbwa wawili wenye furaha. Unataka akujibu nini? Amekujibu kwa adabu, "tushakaribia". Hakuna aliyekutenga hapo, mwanangu. Wamekwepa kufua.

Sikwambii uwatupe, watoto wataniapiza. Wajengee banda uani, wafungiwe kuanzia saa tisa mpaka magharibi, na upande wa mbele weka baraza au mkeka ambao mbwa hawaufiki kabisa. Kisha mwambie jirani mmoja, wa karibu zaidi, kwamba mbwa hawaji upande huu. Mmoja tu anatosha, wengine watapata habari kabla hujamaliza kuchemsha maji.

Lakini na wewe utoke. Umenieleza nani hajaingia kwako. Hujanieleza wewe umeingia kwa nani. Msiba ukitokea hapo mtaani ulikwenda? Kwenda kuhani hakukugeuzi dini. Unajitanda kanga, unakaa na wanawake wenzako, unatoa ubani kwa kadiri ya uwezo wako, unanyamaza wakisoma, unaondoka. Mwezi wa Ramadhani, mtoto wako anayeshinda na wenzake nje, ulimpa bakuli la futari awapelekee? Mambo haya kwenu Moshi unayafanya bila kufundishwa. Umeyaacha kwa sababu ulifika Paje ukiwa ndani ya gari la mgeni, na wewe ukajihesabu mgeni.

Hata hilo la gauni, ligeuze kidogo. Mzungu hasemwi kwa sababu hakuna anayemtarajia kitu. Wewe unasemwa kwa kuwa wanakuona ni wa nyumbani na ulipaswa kujua. Inaudhi, najua, na si haki mume apite kifua wazi halafu wewe uhesabiwe mikono. Mwambie na yeye avae fulana akipita kijijini. Hiyo ni heshima kwa mji, na bei yake ni fulana.

La mlinzi sina maneno mengi. Hukuota na wala si wivu wako. Watu weusi wanaulizwa kwenye mageti ya nchi yao wenyewe, na walinzi wenyewe ni weusi wanaotekeleza walichoambiwa. Ninachotaka ni mumeo aende pale, siyo wewe. Aende kwa meneja, aseme aliyezuiwa ni mke wake. Asipoona umuhimu wa kwenda, hilo nalo ulijue.

Tuje kwake sasa. Na kwa kuwa anapenda upepo, kuna wanawake aliopaswa kuwafahamu kwanza. Kilimo cha mwani kilianza pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, kaiti hazijasikika. Wanawake waliingia majini bamvua baada ya bamvua, siku ambazo maji hukupwa sana, wakafunga mwani kwenye kamba na vijiti, na kwa fedha hiyo, ambayo haijawahi kuwa nyingi, wakaezeka bati na kusomesha. Siku hizi maji yamezidi joto, mwani ule mnene wenye bei hauoti vizuri kama zamani, na juu ya shamba linapita kaiti ya mtu ambaye hajui kama pale chini pana shamba. Mwulize anajua mashamba yako wapi. Mtu anayetaka kununua ardhi mahali ajue kwanza kazi ya jirani zake.

Kiwanja hicho msikilipie. Si nusu, si robo, wala "fedha ya kushikia". Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na mgeni hapewi haki hiyo kama mwenyeji. Yeye hukodishwa, kwa uwekezaji unaopitia mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Papasi, yaani dalali wa mitaani, anayeuza ufukwe kwa Mjerumani mwenye viza ya utalii anauza hadithi, hata kama familia ni ya kweli na minazi ni ya kweli. Tena ya familia ndiyo yenye hatari zaidi, maana leo unalipa kwa mjomba, kesho anatokea shangazi kutoka Muscat na hati ya mirathi. Wala usidhani mkiandika jina lako mmepona. Wewe ni Mtanzania wa Bara, na sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 si ile ya Bara. Tafuta mwanasheria wa hapa mjini, umlipe ushauri wa saa moja. Ukilinganisha na akiba yenu yote, ni fedha ya vitafunio.

Viza nayo imenitia hofu kuliko kiwanja. Viza ya matembezi inampa mtu mpaka siku 90 na si ya kufanyia kazi. Mshahara kutoka Ujerumani hauifanyi kazi yake kuwa matembezi. Siku atakayokutana na ofisa aliyefungua kurasa za pasipoti yake na kuzihesabu, atarudishwa kutoka uwanja wa ndege na wewe utabaki na watoto, mbwa na pampu. Ana mke raia wa nchi hii. Mwende wote wawili Uhamiaji na cheti cha ndoa, mwulize njia ya mwenza wa raia, mwifuate mpaka mwisho. Hapo nimechukulia kwamba hukuchukua uraia wa Ujerumani. Kama uliuchukua, simama kwanza, kwa sababu Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na wewe mwenyewe utakuwa unahitaji kibali. Watoto wanaweza kubaki na pande zote mbili kwa sasa. Wakifikisha miaka 18 watatakiwa kuchagua. Binti yako ana miaka saba ya kujifunza vya kutosha kuhusu kila upande kabla hajachagua.

Umeona nimezungumza mpaka hapa bila kugusa Dar. Makusudi. Ukiondoka Paje ukidhani majirani ni wabaya na mume hana akili, utahamia Dar na hasira hiyohiyo.

Kazi ichukue. Nimelipima hilo na sioni sababu ya kulizungusha. Katika nyumba yenu yupo mtu mmoja ambaye kazi yake iko ndani ya kompyuta ya mkononi, na amelisema mwenyewe: popote palipo na intaneti. Yupo mwingine ambaye kazi yake ina ofisi, meza na mwajiri anayesubiri jibu. Anayeweza kuhama ndiye ahame. Tangu muoane wewe ndiye uliyekuwa ukihama, kwanza Ujerumani, kisha Paje, na zote mbili zilikuwa nchi za kazi yake au starehe yake. Hata hiyo ya "watoto waijue nchi ya mama yao", mama mwenyewe hakuulizwa nchi yake ni ipi. Moshi haina bahari.

Atakuuliza kuhusu upepo. Mjibu na kalenda mkononi. Shule zinafungwa Juni, kusi imeshaanza. Shule zinafungwa Desemba, kaskazi inaingia. Likizo za watoto na misimu ya kaiti yake zimeangukia pamoja, utadhani wizara ilimfikiria yeye. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar mpaka Unguja ni kama saa mbili, na kutoka bandarini mpaka Paje ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Anaweza kuja hata mwishoni mwa wiki, alipie chumba kama watu wengine. Kitu atakachokikosa ni jumatano ya mwezi wa nane saa tisa alasiri. Mtu mzima ataishi.

Binti atafaidika, lakini usimdanganye kwamba Dar hakuna anayeondoka. Mtafutie skuli yenye watoto ambao wazazi wao hawana tarehe ya kurudi kwao. Msiangalie tu ile yenye Kiingereza kizuri na bwawa la kuogelea. Ana miaka 11. Akipata rafiki mmoja ambaye bado yupo baada ya miaka miwili, atakuwa amepata kitu ambacho fedha zenu zote hazijamnunulia hapo pwani. Na mpeleke Moshi akakae na bibi yake, ndiyo kwao pia.

Mdogo ndiye atakayelipa, na sitakuficha. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye anayeishi Paje. Ninyi wengine mnakaa tu. Kumng'oa kutamuuma na atakuchukia wiki kadhaa. Kwa hiyo msihame usiku na mizigo juu ya gari kama wanaodaiwa. Mpitishe nyumba kwa nyumba aage, na wewe uwe naye, umesimama mlangoni mwa kila mama wa rafiki zake. Hapo utaona kwa nini nilikwambia ushughulikie baraza na mbwa hata kama umebakiza miezi miwili. Akirudi Juni afikie kwa watu, siyo kwenye chumba cha kukodi tu.

Mume akikataa kuhama? Basi atabaki Paje na wewe utakuwa Dar na watoto, na boti inakwenda pande zote mbili. Sisemi talaka, wala usiitaje. Neno hilo likishatoka huwa halirudi ndani. Wapo mabaharia na madereva wa malori waliolea familia kwa umbali mkubwa kuliko huo. Akiona kwamba anayepanda boti kila Ijumaa ni yeye, na kwamba nyumba ya Paje haina mtu wa kumpigia simu fundi wa pampu, nadhani "tutaona" yake itapata tarehe. Nadhani, sijakutana naye.

Kabla ya kumjibu mwajiri, zungumza na mumeo. Msizungumzie ufukweni, maana huko atatazama maji. Kaeni mezani, watoto wamelala, simu yake ikiwa chumba kingine, na umwekee mbele karatasi tatu: barua ya kazi, kurasa za pasipoti yake zenye mihuri, na kalenda ya skuli. Chagua siku isiyo na upepo. Programu yake ya simu itakwambia ni ipi.